Mtoto Apoteaye Sokoni na Jina la Mama Yake

Mtoto mdogo hupotezana kwa urahisi na wazazi wake katika umati, uwe wa soko la Kariakoo au wa viwanja vya Sabasaba jijini Dar es Salaam, kwa sababu ya jambo ambalo watu wazima hulisahau, nalo ni kimo: mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hafikii urefu wa mita moja, hivyo anachokiona mbele yake si nyuso bali miguu, vikapu na pindo za kanga, na akiifuata kanga iliyofanana na ya mama yake, hutanabahi akiwa amekwisha kwenda mbali.

Fadhaa impatayo mtoto huyo, wanasaikolojia huiita wasiwasi wa kutengana, yaani hofu ya kumkosa mlezi aliyemzoea. Mmoja wao, Mary Ainsworth, aliyezichunguza familia 26 za Waganda karibu na Kampala katika miaka ya 1950, alieleza kwamba mama ni kituo anakotoka mtoto kwenda kuchungua mambo na anakorejea. Basi aliyetangulia hatua kumi pengine hakufanya utundu, bali alidhani kituo chake kingali nyuma yake.

Akiokotwa huulizwa jina la mama yake, na hapo desturi humponza. Mzazi wa Kiswahili huitwa kwa jina la mwanawe, wala si adabu mtoto kumtaja kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo Asha akiulizwa mama yake ni nani hujibu "Mama Asha", jibu sahihi kabisa lisilomfaa mtu yeyote. Heshima hiyo haina haja ya kuachwa, ila mtoto wa miaka minne akaririye wimbo mzima hashindwi kukariri jina kamili la mzazi, mtaa na namba ya simu. Aliye mdogo zaidi aandikiwe namba hiyo upande wa ndani wa nguo, kwani jina lililo wazi kifuani humpa mwovu njia ya kujifanya jamaa.

Aliyemwokota na angoje naye palepale kwanza, maana mzazi aghalabu hurudia njia aliyopita, kisha ampeleke penye kipaza sauti au kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Tangazo litajalo jina, umri na nguo zote kwa pamoja ni kosa, kwa kuwa humwachia mdai wa uongo majibu yote; alama moja ifichwe, ili ajaye kumchukua aulizwe. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda, namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni moja, 116, nayo hupigwa bila malipo.