Chumvi ndiyo inayomaliza mapipa yetu

Pipa la taka la chuma huku kwetu pwani haliuawi na uzee, huuawa na chumvi. Upepo wa bahari huibandika juu ya rangi. Penye mkwaruzo, kutu huingia na kutambaa chini kwa chini hadi rangi ivimbe na kubanduka. Kitako kikitoboka, taka humwagika mtaroni, na mvua za masika huzifikisha baharini tunakovua.

Kwa maoni yangu, pesa za umma zinunue mapipa yaliyopakwa zinki kabla ya rangi, maana zinki ndiyo huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Yawe na matundu ya kutoa maji chini. Nasi wa mtaani tuyaoshe kwa maji baridi, si ya kisima cha chumvi; mkwaruzo tuupige msasa na kuupaka rangi mapema. Tena tusichomee taka ndani: moto hubabua rangi yote.