Kiuno si nyonga
Mchukuzi wa Changamwe, akijishika mgongoni juu ya matako, husema: “Kiuno chaniuma.” Bibi anayepanda kutoka ferini Likoni, akisikia maumivu kinenani, naye husema vivyo hivyo. Lakini wawili hawa hawaumwi pahali pamoja. Kiuno kimeshikwa na pingili 5 za chini za uti wa mgongo. Nyonga ni kiungo: kichwa cha mfupa wa paja kimeingia katika tundu la fupanyonga, na uchungu wake aghalabu husikika kinenani. Kuna msuli unaotuchanganya: huanzia kwenye pingili hizo, ukapita mbele ya nyonga, ukashika paja. Basi, ndugu msomaji, mbele ya daktari onyesha kwa kidole, kisha utaje jina. Ukikosea neno, utapigwa picha ya mfupa usiouma.