Mradi wa Ubunifu kama Tathmini Mbadala ya Kiswahili: Mfano wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Tangu mtihani wa KCSE ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, umilisi wa Kiswahili katika shule za upili nchini Kenya umepimwa hasa kwa karatasi na kalamu: insha, lugha na fasihi. Mwanafunzi wa Makadara anaweza kuorodhesha sifa za sajili ya matatu bila kumsikiliza makanga hata mara moja, ilhali hupanda matatu ya Barabara ya Jogoo kila asubuhi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulilegeza mtindo huo. Katika alama za kuwapanga wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zilichangia asilimia 20. Kwa hivyo mradi si pambo tena. Unaweza kuamua mtoto atasomea shule gani.

Swali ni mradi wa namna gani hasa. Bango la manila lenye picha za rangi na methali kumi zilizonakiliwa kitabuni halipimi lugha. Linapima mwandiko na mfuko wa mzazi. Mradi unaofaa humtuma mwanafunzi kutafuta jambo ambalo hakuna kitabu cha kiada kinachomjibia.

Chukua majina ya mitaa. Mtaa wa Mbotela una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952, na jina la Ofafa, linalosikika katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, ni la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Wakazi wengi vijana hutaja majina hayo kila siku kama vituo vya matatu tu. Mwanafunzi akitumwa kuwahoji wazee, kisha aandike masimulizi au mchezo mfupi wa redio, atalazimika kusikiliza, kufupisha, kugeuza usemi halisi kuwa wa taarifa na kuchagua sajili. Akifuatilia zaidi atafika Freretown, Mombasa, kwenye ukoo wa Mbotela ambako kilitoka kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. (Ni nadra swali la mtihani kumfikisha mtu mbali hivyo.)

Hata Sheng, ambayo walimu wengi huilaumu kwa kuharibu insha, inaweza kutumika. Mwanafunzi akusanye maneno ishirini ya mtaani kwake, amwulize mtu wa rika la wazazi wake alisemaje zamani, kisha afafanue kila neno kwa Kiswahili sanifu: aina ya neno, ngeli yake, chanzo chake na mfano wa matumizi. Anayeweza kufanya hivyo anajua tofauti ya lugha hizo mbili kuliko aliyekatazwa tu.

Ugumu upo katika kutahini. Kazi ifanyikayo nyumbani huweza kufanywa na mzazi, kaka au mhudumu wa saiba anayepiga chapa kwa malipo. Mtoto wa chumba kimoja kule Mathare hana meza wala utulivu, na hapaswi kushindanishwa na printa ya mwenzake wa Buruburu. Tiba ni kutahini safari badala ya kifurushi. Kwa mfano, kati ya alama 20, kazi iliyokamilika ipewe 5 pekee. 15 zilizobaki zigawiwe daftari la nyanjani, rasimu iliyosahihishwa darasani na utetezi wa mdomo. Kazi iandikwe kwa mkono katika daftari la kawaida. Wasiokuwa na nafasi nyumbani wanaweza kuelekezwa kwenye matawi ya Maktaba ya McMillan, Kaloleni na Makadara.

Utetezi huo ndio hasa unaofichua mwenye kazi. Mwalimu humwuliza mwanafunzi kwa nini alichagua neno hili na kuliacha lile, au mzee alisema nini ambacho hakikuandikwa. Darasa la wanafunzi 50, kwa dakika tatu kila mmoja, huhitaji dakika 150, yaani takriban vipindi vinne vya dakika 40. Vipindi hivyo sharti vitengwe katika ratiba ya muhula kabla mradi haujatolewa.