Mwanao akisema ‘siamini tena’, usimfungie mlango

Inaweza kuwa Jumapili asubuhi, shati limeshapigwa pasi, au Ijumaa wakati wa kwenda msikitini. Kijana amekaa kitandani, anasema: “Mama, mimi siendi. Siamini tena.”

Wazazi wengi huanza kutafuta mchawi: ni marafiki, ni simu, ni chuo. Wengine humpeleka kuombewa kabla ya kumuuliza swali hata moja. Wapo wanaosimamisha ada.

Kwa kawaida imani haimtoki mtu kwa siku moja. Huenda nyuma yake kuna msiba, dua aliyoiomba kwa machozi, kiongozi wa dini aliyemvunja moyo, au maswali tu aliyoyakosea majibu.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliandika kwamba imani yake ilipungua polepole. Alimuoa Emma mwaka 1839, mwanamke mcha Mungu. Mapema katika ndoa yao Emma alimwandikia barua, akieleza hofu yake kwamba huenda wasiwe pamoja milele. Darwin aliitunza, na chini yake akaandika kwamba ameibusu na kuililia mara nyingi.

Mwaka 1851 binti yao Annie alifariki dunia akiwa na miaka 10. Emma hakuwepo; alikuwa nyumbani, mjamzito karibu kujifungua. Msiba ulikuwa mmoja, lakini kila mmoja aliubeba kwa namna yake. Emma aliendelea na ibada. Darwin, siku za Jumapili, alikuwa akiisindikiza familia kuelekea kanisani, kisha yeye akaendelea na matembezi yake.

Hawakukubaliana kuhusu Mungu hadi mwisho. Hata hivyo waliishi pamoja miaka 43, na Darwin alipofariki mwaka 1882, Emma alikuwa kando ya kitanda chake.

Kwetu anayeacha dini hapotezi ibada peke yake. Anapoteza kwaya, jumuiya, watu wa kumtembelea akiugua, na anaanza kujiuliza nani atamzika. Familia nayo ikimtenga, anabaki hana pa kuegemea.

Mzazi, anza kwa kuuliza: “Ilianza lini?” Kisha nyamaza umsikilize. Usimwite mbele ya shangazi na wajomba kumsomea mashtaka. Wewe endelea kusali, na mwambie wazi kwamba imani yako iko palepale, na yeye bado ni mwanao: sahani yake ipo mezani na kwenye shughuli za familia ana nafasi yake. Naye anapaswa kuheshimu ibada za nyumba, bila kejeli.

Kutilia shaka dini si ugonjwa. Lakini angalia afya yake. Kama kwa wiki mbili au zaidi halali vizuri, hali, amejitenga na hafurahii alivyovipenda, inaweza kuwa sonona. Mpeleke kituo cha afya. Akizungumzia kufa au kujidhuru, usisubiri hata siku moja na usimwache peke yake.

Huenda imani ikamrudia, huenda isimrudie. Hilo haliko mikononi mwako. Lililo mikononi mwako ni kwamba siku akipata shida usiku wa manane, namba ya kwanza atakayopiga iwe ya nyumbani.