CHORA SAKITI YAKO NYUMBANI KWA DVD MBILI MBOVU

Hapa nyumbani Mbagala niliunda kengele ya simtanki, maji yakijaa inalia. Kila anayeiona anauliza bodi nimenunua wapi. Jamani, sijanunua! Nimeichora mwenyewe chumbani kwa mashine ya kalamu. Leo nawamegea inavyofanya kazi.

Bodi tupu ni kipande cha faiba chenye ngozi ya shaba, mara nyingi unene wa mikroni 35. Ukiitumbukiza kwenye feriki kloraidi, shaba inayeyuka. Lakini wino wa maka peni isiyofutika kwa maji unaizuia dawa isiiguse shaba. Ulipochora panabaki njia ya umeme, kwingine kote panaliwa. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Mtu atasema, si nichore kwa mkono? Unaweza, mimi nilianza hivyo. Shida ni IC. Miguu ya 555 imeachana milimita 2.54 tu, mkono ukitetemeka njia mbili zinagusana. Halafu wino ukikauka unaacha vitundu vidogo, dawa inapenya na njia inakatika. Inabidi kuchora mara mbili, na hapo ndipo mashine inapomshinda binadamu: inarudia mstari uleule bila kuhama.

Kuiunda: fungua DVD raita mbili za kompyuta zilizokufa. Ndani kuna mota ndogo inayosogeza kijicho cha leza. Tafuta yenye waya nne, ya waya mbili achana nayo maana haiendi kwa hatua. Nyingi zina hatua 20 kwa mzunguko, na mzunguko mmoja unasogeza milimita 3, yaani milimita 0.15 kwa hatua. DVD moja inabeba bodi, ya pili inabeba kalamu, na mota ya servo inanyanyua kalamu. Kinachoongoza ni Arduino yenye GRBL, programu ya bure (chukua toleo linalokubali servo). Eneo la kuchora ni kama sentimita 4 kwa 4. Dogo, ila 555 na wenzake wanaenea.

Kabla ya kuchora sugua shaba kwa ile waya ya masufuria mpaka ing'ae, na usiiguse tena kwa vidole. Mafuta ya mkono yanafanya wino usishike.

Najua mtauliza, kwa nini nisitumie mashine ya stika za daladala? Nilijaribu kwa jamaa mmoja Tandika. Ile inavuta karatasi kwa magurudumu, bodi ngumu haipiti vizuri. Ila stika yenyewe inazuia dawa! Akukatie mchoro, ubandike juu ya shaba. Kwa bodi kubwa yenye njia nene inafaa sana.

Kosa langu la kwanza: bodi ilitoka safi, kuweka IC, miguu imegeuka. KiCad inaonesha upande wa chini kana kwamba unatazama kutoka juu kupitia ndani ya bodi. Geuza mchoro kama kwenye kioo kwanza.

Sasa dawa. Tumia chombo cha plastiki, kamwe usitumie sufuria ya alumini, inachemka na kutoboka. Vaa glavu na miwani, kaa nje penye hewa, tikisa taratibu. Shaba ikiisha, suuza, futa wino kwa spiriti, toboa, choma lehemu.

Na hili nisikilizeni. Mimi niliihifadhi kwenye chupa ya soda. Rangi yake ni ya kahawia vilevile, na mdogo wangu wa miaka sita alishafungua kifuniko nilipomkuta. Nilitetemeka siku nzima. Weka kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, andika SUMU, fungia juu.

Wala usimwage mtaroni. Ina shaba ndani, na huku kwetu mvua ikinyesha maji ya mtaro yanaingia mpaka visimani. Itumie tena na tena. Ikichoka, ukiwa nje, tia magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe, changanya na saruji igande, ndipo utupe.

Kengele inalia mpaka leo, maji hayamwagiki tena usiku. Aliyejaribu njia nyingine aseme hapo chini, tujifunze wote.