Goma: Maisha ya majeruhi huamuliwa kabla ya kufika hospitalini

Katika mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini, majeruhi wengi hawafiki hospitalini kwa ambulansi. Wanabebwa kwa pikipiki, mgongoni mwa ndugu, ao ndani ya gari lolote linalopita. Lakini mtu anayevuja damu nyingi anaweza kufa kwa dakika chache tu. Ndiyo sababu kazi ya watoa huduma ya kwanza, hasa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wa DRC, ina uzito mkubwa.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipouteka mji, wajitoleaji hao walisaidia kusafirisha majeruhi na kuokota maiti. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa CICR wanafanya kazi, ilijaa kupita nafasi yake.

Mtoa huduma anapofika, kwanza anaangalia usalama wa mahali. Kisha anatazama kama majeruhi anapumua na kama anavuja damu. Anakandamiza kidonda, anafunga bandeji, anatuliza mfupa uliovunjika. Wakiwa wengi, anachagua wa kutangulia: mara nyingi anayenyamaza yuko katika hatari kuliko anayepiga kelele.

Hata hivyo, wa kwanza kufika si wao kila mara. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu. Waliookolewa walipelekwa katika hospitali ya Kyeshero. Katika ajali kama hiyo, aliye karibu ndiye tegemeo, na aliyetolewa majini bila kupumua anahitaji kupuliziwa hewa na kukandamizwa kifua palepale.

Kwa hiyo mafunzo yanahitajika pia kwa wenye pikipiki, wachuuzi, wavuvi na walimu. Mambo machache yanatosha kuanzia: kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia, usichomoe kitu kilichozama mwilini, usimpe maji aliyezimia. Aliyeanguka na kuumia shingo ao mgongo asikunjwe kwenye pikipiki; asubiri ubao ao machela, isipokuwa mahali penyewe pana hatari.

Daktari wa Ndosho ao Kyeshero anaweza kumpasua tu yule aliyefika akiwa hai.