Nyasi za Kwetu Zilizovamia Ng'ambo

Ukipita Kiboko, Kibwezi au Mutomo baada ya mvua, utaona nyasi zenye vichwa vya manyoya mfano wa mkia wa mbweha. Hiyo ndiyo ndata kivumbu. Wataalamu huiita Cenchrus ciliaris. Nimeamua kuiandikia kwa sababu katika kikao kimoja cha chama chetu mwenzetu alidai ati mimea yote sumbufu hutoka ng'ambo, akatoa mfano wa mathenge. Ni kweli mathenge ilitoka bara la Amerika, na watu wa Baringo wameteseka nayo sana. Lakini je, sisi hatujawapelekea wenzetu chochote? Tumewapelekea, tena si haba!

Ndata kivumbu humea chini ya migunga na kwenye nafasi wazi katikati ya miti. Mizizi yake huzama mbali, kwa hivyo hata ikikauka ikawa kama imekufa, mvua ya kwanza ikigusa ardhi huchipuka baada ya siku chache tu. Mbegu zina vinywele vinavyoshika manyoya ya mbuzi, na upepo huzibeba pia. Sisi tunaokuja shule kwa miguu tunazijua vizuri: huwa tunazichomoa kwenye soksi wakati wa gwaride. Aidha, mara nyingi nyasi hizi huzaa mbegu bila kuhitaji chavua ya mmea mwingine. Shina moja likifika mahali papya linatosha kuanzisha ukoo mzima.

Sasa sikiza. Katika miaka ya 1940 mbegu zilizotoka jangwa la Turkana zilipandwa Texas, Marekani, ili ng'ombe wapate malisho. Zilifana mno. Zikapandwa pia Sonora, Meksiko, kwenye mashamba makubwa ya mifugo, na huko Arizona zikaenea hadi milimani karibu na mji wa Tucson. Kwenye jangwa hilo kuna dungusi kakati mrefu aitwaye saguaro. Hukua polepole ajabu, kwani huweza kupitisha miaka 50 kabla ya kutoa tawi la kwanza. Zamani moto haukuweza kusafiri pale, maana kati ya mmea na mmea palikuwa na changarawe tupu. Ndata kivumbu imejaza nafasi hizo. Ikikauka huwaka kwa moto mkali, saguaro hufa, lakini yenyewe huchipuka tena kutoka mizizini! Kila moto unaipa nafasi zaidi.

Australia nako ni vivyo hivyo. Inasemekana iliingia katika miaka ya 1870 ndani ya matandiko ya ngamia, kisha ikapandwa kwa makusudi ili kuzuia vumbi na kulisha mifugo. Mwaka wa 2024 serikali ya jimbo la kaskazini iliitangaza rasmi kuwa magugu. Wenyeji wa asili wanalalamika kuwa inafukuza mimea wanayokula. Wafugaji nao wanaitetea, na sishangai.

Kumbe mbona haijatumeza sisi? Hapa kwetu imekulia pamoja na walaji wake: ng'ombe, mbuzi, wanyama wa porini na mchwa. Inagombania nafasi na nyasi nyingine kama mbeetwa na kilili. Miti yetu mingi nayo huchipua tena baada ya moto. Shida ya Kitui na Makueni ni kinyume kabisa, yaani udongo umebaki mtupu kwa kulishwa kupita kiasi na kwa miti kukatwa makaa. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, wenye marobota ya nyasi ghalani waliokoa ng'ombe wao. Wengine walibaki na ngozi.

Ndiyo maana kituo cha utafiti cha KALRO pale Kiboko kimewafunza wakulima kupanda ndata kivumbu. Ardhi hupasuliwa mifereji kwa plau ili maji yatuame, na mbegu hufunikwa kwa udongo kidogo sana. Mbegu mbichi haioti vizuri, kwa hivyo susu huiweka ndani ya gunia miezi kadhaa. Kisha hulizungushia shamba miiba mpaka nyasi zishike mizizi, ingawa mbuzi wa jirani bado hupenya.